Serikali Inaweka Nini Mezani?

Wadogo zangu, wiki hii sijibu barua nyingi. Nimechagua moja kutoka Tanga na nyingine fupi ya Kilifi, kwa sababu zote mbili zinagusa jambo ambalo vijana wengi wenye biashara za kijani wanakutana nalo siku hizi, na wengi wanalitia saini kabla ya kulielewa.

Aliyeandika kutoka Tanga ni dada mwenye kikundi cha wanawake wenzake. Wanatengeneza mkaa mbadala wa vifuu vya nazi. Vifuu wanavipata kwa wanaokuna nazi sokoni, wanavichoma kwenye pipa lisilopitisha hewa nyingi, wanavisaga, wanachanganya unga wake na uji wa muhogo, wanakandamiza kwa mashine ya mkono, kisha wanaanika juani. Wateja wao ni mama lishe na wauza chipsi. Sasa limekuja shirika moja lisilo la kiserikali likawaambia kuna fedha za ubia. Shirika, halmashauri na kikundi wataandika andiko pamoja, mfadhili wa nje atatoa nusu ya gharama, na nusu nyingine itatoka kwa kikundi, iwe fedha taslimu au mali. Wamepewa makubaliano wayasaini kabla ya Ijumaa. “Dada,” anauliza, “nisaini au niache?”

Mdogo wangu, usisaini bado, wala usikatae. Umenieleza vizuri mfadhili anatoa nini. Umenieleza shirika linatoa nini: wakufunzi, mtu wa hesabu, mtu wa kuandika ripoti. Umenieleza ninyi mnatoa nini, na ni kingi. Ila kuhusu halmashauri umeandika maneno mawili tu: “ni mshirika.” Mshirika wa kitu gani? Anaweka nini mezani?

Ninalisisitiza swali hili kwa sababu fedha za mfadhili, zikikosekana hapa, zinaweza kupatikana kwingine. Viko vitu ambavyo hutavipata popote isipokuwa serikalini: kibali, ardhi, bei elekezi, nembo ya ubora, msamaha wa kodi, zabuni ya kulisha shule au hospitali. Ubia kati ya sekta ya umma na sekta binafsi una maana pale tu upande wa umma unapoleta kimoja katika hivyo. Kama halmashauri imeleta nembo yake ya kuwekwa kwenye bango na afisa wa kufungua semina, basi mna mkataba na mfadhili, na siku mradi wake ukiisha mtabaki na mashine nzuri na wateja walewale wa zamani.

Chukua M-PESA, huduma ya pesa kwa simu, maana inajulikana na wengi. Ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, nyuma yake kulikuwa na fedha za ubia hasa: mfuko wa serikali ya Uingereza ulikuwa umeweka karibu pauni milioni moja, na Vodafone nayo ikaweka fungu lake, ili majaribio yafanyike. Lakini jambo lililofungua njia lilikuwa barua ya Benki Kuu ya Kenya iliyosema haina pingamizi kwa kampuni ya simu, isiyo benki, kupokea na kuhamisha pesa za wananchi. Pauni zile zingeweza kutoka kwa tajiri yeyote. Barua ile ilikuwa na ofisi moja tu ya kuitoa. Na juu ya njia hiyo zikaja kampuni kama M-KOPA, zikauza taa na paneli za sola kwa malipo madogo ya kila siku kwa watu ambao benki haikuwahi kuwapokea.

Sasa tuone upande wa serikali unapokwama, kwa sababu hapo ndipo wenye mitaji midogo wanapoumia.

Kaskazini mwa Kenya, katika kaunti ya Marsabit, kuna shamba la umeme wa upepo la Ziwa Turkana. Lina mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, na lilijengwa na wawekezaji binafsi. Kazi ya serikali katika ubia ule ilikuwa kuleta laini ya kuusafirisha umeme hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017. Laini haikuwa tayari, mkandarasi wake kutoka Uhispania alifilisika njiani, na ilikamilika Septemba 2018. Kwa muda wote huo mapanga yale makubwa yalisimama jangwani bila kuuza hata uniti moja. Je, wawekezaji walifilisika? Hapana. Mkataba wao ulikuwa na kifungu kinachosema serikali ikichelewa italipa, na ikalipa mabilioni ya shilingi. Mzigo uliangukia mlipa kodi na mlipa bili wa Kenya.

Hamia Ziwa Victoria, upande wa Tanzania. Kwenye kisiwa cha Ukara na vijiji vingine vya mbali, kampuni ndogo zilijenga mitambo ya sola yenye betri na kutandaza nyaya kijijini, kwa sababu gridi ya taifa haikuwa imefika. Kanuni za wazalishaji wadogo ziliwaruhusu kupanga bei inayorudisha gharama. Mwaka 2020 likatoka agizo la Wizara ya Nishati: umeme wa vijijini uuzwe shilingi 100 kwa uniti, sawasawa na wa TANESCO, shirika la umeme la taifa. Kampuni iliyokopa ili inunue betri za kulisha kijiji kimoja haiwezi kuuza kwa bei ya shirika lenye mabwawa na mitambo ya gesi. Wawekezaji wengi wa umeme wa aina hiyo walisita kuendelea, na vijiji vilivyokuwa kwenye foleni vikaendelea na vibatari.

Nawaomba msinielewe vibaya. Mvuvi wa Ukara kulipia uniti moja mara nyingi zaidi ya mtu wa Mwanza mjini si haki, na waziri anayelisikia jambo hilo ana wajibu wa kuchukua hatua. Ninachokipinga ni kwamba lilipotoka agizo la bei, hakukutajwa wa kubeba tofauti. Serikali ingeweza kusema bei ni shilingi 100 na pengo tutalifidia sisi. Haikusema, na waliokuwa wameamini kanuni hawakuwa na kifungu cha kushika.

Hebu zisomeni hadithi hizo mbili pamoja, wadogo zangu. Kote kuwili serikali haikutimiza upande wake. Mwekezaji mkubwa alilipwa kwa sababu aliandika mapema kitakachotokea iwapo mwenzake atachelewa. Mdogo hakulipwa. Na kule Marsabit kulikuwa na kundi la tatu, wafugaji wa eneo lile, ambao hawakuwa na karatasi kabisa. Walilazimika kwenda mahakamani, na mwaka 2021 mahakama ya mazingira na ardhi ya Meru ikasema hati za ardhi ya mradi zilitolewa bila kufuata sheria. Umeme ulikuwa safi, na bado watu wa mahali pale walikuwa wamerukwa. Mimi siwezi kukiita kitu kama hicho ukuaji wa kijani mpaka mwenye malisho naye awe na nafasi yake kwenye karatasi.

Mdogo wangu wa Tanga, wewe una mfano mzuri zaidi hapohapo mjini kwenu. Mwaka 2024 mamlaka ya maji, Tanga UWASA, ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka kumi, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Wawekezaji waliinunua yote na zaidi, kisha ikaorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ninachokipenda ni uwazi wake. Fedha ni za kupanua huduma ya maji, riba imeandikwa, na mlipaji anajulikana: ni bili za maji za watu wa Tanga.

Tena mamlaka hiyohiyo ina ushirikiano wa muda mrefu na UWAMAKIZI, umoja wa wakulima wahifadhi mazingira wa Kihuhwi na Zigi, kule kwenye milima ya Usambara Mashariki. Mto Zigi ndio unaolijaza bwawa la Mabayani. Mkulima akilima hadi ukingoni mwa mto, tope linashuka bwawani, na dawa ya kusafisha maji inapanda gharama. Kwa hiyo anayehifadhi ukingo anaipunguzia mamlaka matumizi. Ubia wa namna hiyo haudumu kwa sababu ya huruma. Unadumu kwa sababu ofisi ya umma ina gharama yake, na mtu wa kijijini anaipunguza.

Basi jiulize: ni ofisi gani ya umma Tanga yenye gharama ambayo mkaa wenu unaweza kuipunguza?

Nitakusaidia kutafuta. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa wa miti ifikapo mwisho wa Januari 2024. Mei mwaka huohuo ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kwa hiyo wapo wakuu wa shule za bweni, wapo matroni wa hospitali na wasimamizi wa vyuo, wenye agizo mkononi na jiko la kuni jikoni. Wanahitaji muuzaji. Mtu wako wa kwanza pale halmashauri, kabla ya afisa anayefungua semina, ni Afisa Elimu, kwa sababu shule zenye tatizo hilo ziko chini yake.

Lakini nenda ukiwa umejiandaa, maana jiko la shule si jiko la mama lishe. Sufuria ya maharage ya wanafunzi mia tatu inataka moto wa kukaa saa kadhaa, na jiko lililojengwa kwa ajili ya magogo halitashika vipande vyenu vidogo. Vitadondoka kwenye majivu kabla havijawaka vizuri. Omba shule moja, sufuria moja, asubuhi moja. Pimeni mkaa kabla ya kuuwasha. Andikeni saa ya kuwasha, saa maharage yalipoiva, kilo zilizotumika na majivu yaliyobaki. Majivu yakizidi, mara nyingi ni vifuu vilivyookotwa na udongo. Vichekecheni kabla ya kuchoma. Kipande kikivunjika ukikiachia kutoka kiunoni, ongezeni uji kidogo au mkandamize zaidi. Kikifuka moshi mwanzoni, hakijakauka. Karatasi yenye namba za asubuhi hiyo, ikiwa na saini ya mpishi mkuu, ina nguvu kuliko andiko la kurasa thelathini.

Ujue pia kwamba hauko peke yako. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, linatengeneza mkaa wake wa Rafiki Briquettes kutokana na makaa ya mawe, na Septemba 2024 Wakala wa Nishati Vijijini ulisaini mkataba na Jeshi la Magereza wa kuweka nishati safi ya kupikia magerezani, mkaa huo ukiwa miongoni mwa bidhaa zake. Yaani serikali ambayo ni mshirika wako ni mshindani wako pia. Hilo si la kuogopa, ila lazima ulijue. Nunua mfuko wao, uwashe pembeni ya wako, linganisha bei na muda wa kuwaka. Huenda shule kubwa zikawa zao na wewe ukawafaa zaidi wachoma nyama na hoteli za mwambao, kwa sababu mkaa wa kifuu ukitengenezwa vizuri ni msafi na hauna harufu. Andiko lenu ni lazima liseme mnamlenga nani kati ya hao. Mkiandika “taasisi zote za mkoa wa Tanga”, msomaji makini atajua hamjawahi kuuzia hata moja.

Mlango mwingine uko kwenye sheria. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma kwa ajili ya makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Ili muingie, kikundi kiwe kimesajiliwa, kitambuliwe na Afisa Maendeleo ya Jamii, na kiwe na akaunti kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma. Ipo pia mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake. Na kwa nembo ya ubora, pitieni SIDO, shirika la viwanda vidogo, mpate barua ya utambulisho ya kwenda nayo TBS, shirika la viwango. Wajasiriamali wadogo wanapokelewa kwa njia hiyo. Mfadhili hatawapa hata kimoja kati ya hivyo, na vyote viko mjini kwenu.

Kuhusu fedha zenyewe nitasema machache, kwa ukali kidogo. Soma kama unalipwa kabla ya kazi au baada ya kazi. Fedha nyingi za aina hii hutolewa kwa hatua: unatumia, unaleta risiti na ripoti, wanakagua, ndipo wanalipa. Kama mtaji wenu wote ni wa kununua muhogo wa mwezi mmoja, miezi miwili ya kusubiri itawafunga. Dai malipo ya awali. Mchango wenu wa nusu uorodhesheni kitu kwa kitu: pipa, mashine, banda, siku za kazi za kila mwanamke kwa bei ya kibarua wa Tanga. Na iandikwe mashine itakayonunuliwa itakuwa mali ya nani mradi ukiisha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na wanaopoteza karibu siku zote ni wanawake waliokuwa wakikanda uji.

Wa Kilifi, kaka mdogo mwenye chumba cha baridi cha sola cha kuhifadhia maembe ya wakulima, swali lako ni jepesi kuliko unavyodhani. Umepewa ofa ya mkopo wa kijani wa dola 20,000 kwa riba ndogo kuliko ya benki yako, nawe unauliza kama uuchukue. Mapato yako ni ya shilingi. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 123 za Kenya. Januari 2024 ilifika karibu 160. Deni lilelile la dola 20,000 lilitoka shilingi milioni 2.46 hadi milioni 3.2, hata kabla hujahesabu riba. Ni kweli shilingi ilipanda tena baadaye mwaka huo, lakini aliyekuwa na rejesho la Januari hakuwa na nafasi ya kusubiri. Waombe wakukopeshe kwa shilingi, au wabebe wao hatari ya kubadilika kwa fedha, kwa sababu ndio wenye mifuko ya kuibeba. Wakikataa, waache. Tazama badala yake fedha za ruzuku zinazotaka uweke fungu lako, kama za mfuko wa AECF ulioanza 2008 na wenye makao yake Nairobi, au programu ya P4G iliyoanzishwa na Denmark, ambayo Kenya ni mojawapo ya nchi zake na ambayo hutaka kampuni changa iende pamoja na shirika lisilo la kibiashara. Foleni ni ndefu na wengi hukosa. Omba huku biashara inaendelea, usiisimamishe kwa ajili ya kusubiri majibu.

Nirudi kwako, mdogo wangu wa Tanga, maana Ijumaa inakaribia. Usiwapigie simu watu wa shirika, waandikie. Nakuwekea barua, ibadilishe upendavyo:

“Tumeyasoma makubaliano na tunapenda kushirikiana nanyi. Kabla ya kusaini tunaomba mambo manne yaongezwe. Kwanza, halmashauri itaje kwa maandishi shule au vituo itakavyotuunganisha navyo, kiasi cha mkaa kitakachojaribiwa na tarehe ya kuanza. Pili, halmashauri ikichelewa, muda wetu wa kutoa matokeo usogezwe kwa siku hizohizo na malipo yetu yasisimamishwe. Tatu, tulipwe robo ya fedha kabla ya kuanza kazi. Nne, mashine na vifaa viwe mali ya kikundi kuanzia siku vinaponunuliwa. Tuko tayari kukutana na pande zote siku ya Jumatatu katika ofisi za halmashauri.”

Wote msaini, si mwenyekiti peke yake. Toa nakala mbili, moja ipeleke kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, na usiondoke pale mpaka wamekugongea mhuri wa kupokea kwenye ile unayorudi nayo.